Kabureta ya Shemeji

Nilimkuta Tito amesimama katikati ya hema, kikombe cha chai mkononi, akiwasimulia waombolezaji jinsi Wafula alivyomtoa ndani ya moto. Ilikuwa alasiri, matanga ya Wafula mtaani Mowlem, Nairobi, viti vya plastiki vimepangwa hadi nje ya geti, na kwaya ya kanisa lao ilikuwa imepumzika kula. Tito anajua kusimulia, hilo sikatai. Alikunja mikono ya shati ili watu waone makovu, akaiga mngurumo wa injini, akaiga mbio za Wafula, mtu mnene mwenye miguu mifupi, akikata uwanja na gunia lililolowa maji. Watu walicheka huku wakifuta machozi, kama watu wanavyocheka matangani. Kisha akafika pale anapofika siku zote. "Gari yenyewe haikuwa na makosa," akasema. "Ni vile tu tulikuwa na msichana mmoja wa Majengo, anatushikia kabureta. Tulikuwa vijana, tukasema tumpatie nafasi. Akakosea kidogo. Lakini hayo yameisha, tulishamsamehe." Mama aliyekaa kando yangu akatikisa kichwa kwa huruma, akaniongezea chai. Hakujua msichana mwenyewe ni mimi, niliyekaa pale na mtandio wangu mweusi na magoti yanayouma, bibi wa watu. Tito hakuwa ameniona. Na hata angeniona, nadhani angesimulia vile vile, kwa maana amekwisha kuisimulia mara nyingi hadi anaiamini.

Walinisamehe. Nimetukanwa kwa maneno mengi katika maisha yangu, na mengi nimeyasahau, lakini hilo la kusamehewa kosa ambalo sikulifanya halijawahi kunitoka rohoni. Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule nilivyouishi, na anayetaka kukasirika na akasirike, atanikuta nimemtangulia.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya ufundi wa magari, msichana peke yangu darasani, na kila gereji niliyobisha ilinipa ufagio. Tito ndiye aliyenipa spana. Hilo pia ni kweli, nami ninalisema ili isidhaniwe kwamba nachagua. Alikuwa kijana wa mtaa wa Umoja, mtanashati, mwenye kazi ya ofisini na kichaa cha magari. Alinunua saluni kuukuu isiyo na injini, akaitia injini ya silinda sita iliyotolewa kwenye gari kubwa lililopinduka, na turbo aliyoipata Kariobangi kwenye vyuma chakavu, ya lori. Alitaka jambo moja tu duniani: kwenda kwenye ule uwanja mkuukuu wa ndege, nje ya jiji, ambako siku fulani za Jumapili vijana wa majumba makubwa walishindanisha magari yaliyokuja na meli, na kuwashinda kwa gari lililotengenezwa Mowlem. Wafula alikuwa mchomeleaji, kijana wa kutoka magharibi, aliyefunzwa kazi kwenye karakana ya reli. Alikuwa amekodi uwanja wa nyuma wa nyumba moja, akaupiga paa la mabati. Humo ndimo tulimoshinda mwaka mzima. Joto la adhuhuri lilishuka kutoka kwenye yale mabati kama mkono juu ya kichwa. Kulikuwa na meza moja ya mbao iliyolowa oili hadi ikawa nyeusi ndani na nje, jiko la makaa, sufuria ya ugali iliyopinda mdomo, na pazia la gunia mahali pa mlango. Wafula alipika omena, dagaa wa ziwani, kwa nyanya nyingi na pilipili, tukala kwa mikono iliyonukia petroli hata baada ya sabuni. Mimi nilileta mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwa Mama Mkubwa, niliyekaa naye Majengo, na Wafula alikuwa akiyahesabu mahamri kwa macho kabla hata hajanisalimia. Gari tuliliita Shemeji. Wafula ndiye aliyeanza, alisema mtu anayekula kwenu kila siku, hafanyi kazi, na huwezi kumfukuza, ni shemeji tu.

Na kweli halikufanya kazi. Taabu ilikuwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Katika gari la kawaida kabureta hunyonya hewa yenyewe, taratibu, kama mtu anayekunywa uji. Katika Shemeji turbo ilikuwa inasukuma hewa kwa nguvu kupitia kofia ya chuma ambayo Wafula aliichomelea juu ya kabureta. Gari liliondoka vizuri, likanguruma, kisha turbo ilipoanza kusukuma likakohoa moshi mweusi na kuzama. Tito alibadilisha plagi. Akabadilisha pampu ya petroli. Akaleta mafundi watatu, kila mmoja akalaani turbo na kuondoka. Mimi wakati huo nilikuwa bado naosha vipuri. Siku moja wao wawili walipokwenda kutafuta gasketi, niliifungua kabureta juu ya ile meza, nikaitazama kila kipande, hadi nikafika kwenye boya, kile kikopo chepesi cha shaba kinachoelea ndani ya petroli na kuufunga mlango wake petroli ikijaa. Lilikuwa limebonyea pande zote mbili, kama kopo lililokanyagwa.

Waliporudi nilikuwa nimeliweka kwenye kiganja.

"Umeliangusha?" Tito akauliza.

"Sijaliangusha. Upepo wa turbo ndio umelibonyeza. Ndani lina uwazi, na presha inaingia hadi kwenye bakuli la petroli. Likibonyea linazama, likizama petroli inafurika. Ndiyo maana linakohoa moshi mweusi."

Wafula akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga wa pazia. "Huyu dada," akasema polepole, "huyu dada ana kichwa."

Tangu siku hiyo kabureta ikawa yangu. Nilitafuta boya la plastiki ngumu, lisilo na uwazi, nikazunguka kwa wauza vipuri hadi viatu vikaachia, nikalipata kwenye kabureta ya aina nyingine kabisa, nikalichonga kwa tupa hadi likakaa. Nilivuta mpira mwembamba kutoka kwenye ile kofia hadi kwenye kidhibiti cha petroli, ili presha ya hewa ikipanda na ya petroli ipande nayo. Vinginevyo hewa huishinda petroli, injini ikabaki kunywa upepo mtupu, na injini inayokunywa upepo chini ya turbo huyeyusha pistoni zake yenyewe. Jeti, vile vitundu vinavyopitisha petroli, nilizipanua kwa sindano za keekee nilizoazima kwa mzee mmoja wa kutengeneza saa, kule Muthurwa, unywele kwa unywele. Asubuhi za Jumapili, watu wakiwa kanisani, Tito aliliendesha gari kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya mtaa, akalikamua, akazima injini palepale, nami nikachomoa plagi sita nikazipanga kwenye kitambaa. Plagi nyeusi, petroli nyingi. Plagi nyeupe, hatari. Nilikuwa natafuta rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, zote sita, na silinda mbili za mwisho zilinisumbua miezi, kwa kuwa ziko mbali, na hewa haigawanyiki sawa. Siku zote sita zilipotoka na rangi moja, niliketi kwenye ukingo wa barabara nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nina hasira na mambo mengi, lakini ninapofikiria furaha ile ndipo hasira inaponikaba, kwa sababu sikuipata tena mahali popote, na ilikuwa halali yangu.

Nyumbani maneno yalikuwa yameanza. Jiko la Mama Mkubwa lilitenganishwa na chumba changu kwa ukuta wa mbao, na wanawake waliokuja kununua mbaazi walisema wakijua fika kwamba nasikia. "Mtoto wa kike anashinda chini ya magari na wanaume, tena si wa kwao." "Nguo zake zanuka gereji, ataposwa na nani?" Mama Mkubwa alikoroga chungu kwanza, kisha akawajibu, "Ataposwa na mwenye gari bovu, wala hatakosa, Nairobi nzima ni mabovu." Nilimpenda kwa hilo. Maneno ya majirani hayakunichoma. Yaliyonichoma niliyasikia Mowlem, nikiwa nimelala chini ya Shemeji nakaza bomba la eksozi. Walikuja jamaa wa Tito, vijana wa mjini, viatu vyao ndivyo nilivyoviona tu. "Niaje, buda. Kabureta na turbo? Nani alikufanyia?" Na Tito, bila hata kuvuta pumzi: "Mimi mwenyewe. Ni kusikiliza tu injini." Viatu vya Wafula vilikuwa hapo hapo, vile vya kazini vyenye matone ya chuma. Vilisogea kidogo, vikatulia. Walipoondoka nilitoka chini ya gari nikamwuliza Wafula mbona amenyamaza. Akacheka kicheko chake cha tumboni. "Wacha, dada. Si gari inakimbia?" Nikaacha. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kazi nzuri hujitetea yenyewe. Ni uongo ambao wafanyakazi huambiwa na watu wanaotaka kuwaibia kazi yao.

Turbo ina mlango mdogo wa kumwagia moshi wa ziada, na mlango huo hushikwa na fimbo yenye nati. Ukiikaza nati, mlango unachelewa kufunguka, turbo inazunguka zaidi, na upepo unaosukumwa kwenye kabureta unazidi. Pampu yetu ya petroli ilikuwa na mwisho wake. Niliujua mwisho huo kwa kuujaribu, nikaiweka nati chini yake kidogo, kisha nikapiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye fimbo, ili ikiguswa mstari ukatike nami nijue. Niliwaita wote wawili waone. "Hapa ndipo petroli inapoishia," nikawaambia. "Zaidi ya hapa, Shemeji anakunywa upepo." Tito akasema sawa. Wafula akasema nimesikia, dada.

Siku ya mashindano kulikuwa na jua kali la nyika, upepo wenye vumbi, na harufu ya nyama choma iliyopeperushwa hadi kwenye lami. Vijana wa majumba makubwa walilizunguka gari letu wakitabasamu, mmoja akauliza kama ni la kubebea maziwa. Asubuhi Shemeji alikimbia mara mbili na kushinda mara mbili, na yule wa maziwa sikumwona tena. Nilichomoa plagi, zote rangi ya chai. Watu walimbeba Tito mabegani. Hakuna aliyenibeba, wala sikutaka, nilitaka tu asimame mtu mmoja aseme ni kazi ya nani. Ikabaki mbio ya mwisho, na gari jeupe ambalo kila mtu alijua ni lepesi kuliko letu. Adhuhuri ilipoingia nilichukua chupa ya maji nikaenda nyuma ya magari kuswali. Niliporudi walikuwa wameshalisukuma hadi kwenye mstari.

Nililisikia kosa kabla sijaliona. Turbo ilikuwa inalia juu, juu kuliko nilivyowahi kuisikia, mlio mwembamba wa kisu. Nilikimbia nikipunga kanga, nikipiga kelele, na mtu mmoja akanishika mkono akidhani nashangilia. Shemeji aliruka. Kwa muda mfupi alikuwa mbele, mbele kabisa, na uwanja mzima ukasimama. Kisha nikausikia mlipuko mmoja mkavu. Pistoni ilikuwa imetoboka, moto ukarudi juu kupitia kabureta, ukaing'oa ile kofia, na petroli ikamwagika juu ya turbo iliyokuwa nyekundu kwa joto. Wafula alikuwa ameshaanza kukimbia kabla ya mtu mwingine yeyote. Huo ndio ukweli, na Tito hakuuongezea chumvi: alimtoa kwa mikono yake, na gunia, huku nywele zake zikiungua.

Siku zilizofuata nililikagua gari lililoungua, pale pale chini ya mabati. Moto ulikuwa umeunguza rangi ya kucha ikawa kama lami, lakini alama ilionekana: kwenye nati upande huu, kwenye fimbo upande mwingine kabisa. Nati ilikuwa imezungushwa karibu mzunguko mzima. Nilimwita Wafula nikamwonyesha. Alichuchumaa, akaitazama. "Labda ni mtikisiko," akasema.

"Mtikisiko unakaza nati? Mtikisiko hulegeza, Wafula."

"Sijui, dada. Moto ni moto."

Nikaenda hospitali kumwuliza Tito. Alikuwa amefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, na chumba kimejaa watu. Sikuuliza kwa ukali, wallahi, nilimhurumia. Alinitazama mbele ya mama yake na rafiki zake akasema, "Hamisa, usijilaumu. Kila fundi hukosea." Chumba kizima kikanitazama kwa upole. Upole ule ulinizika. Gari liliposhinda lilikuwa la wanaume, lilipoungua likawa langu. Nilizunguka gereji za Kariobangi, za Gikomba, za Barabara ya Jogoo, na kila mahali habari ilikuwa imefika kabla yangu. "Si wewe ndiye wa ile gari iliungua?" Mwisho Mama Mkubwa alinipeleka kwa jirani aliyetengeneza cherehani, nikajifunza, na cherehani ndizo zilizonisomeshea watoto. Si kazi mbaya. Lakini sikuichagua, na sitamruhusu mtu aniambie kwamba Mungu alinipangia mazuri. Nati ile haikuzungushwa na Mungu.

Miaka yote hiyo niliamini ni Tito. Wafula nilimweka kando, nikasema alikuwa mtu wa amani, hakupenda ugomvi. Alikuja kwenye arusi yangu na mbuzi. Alikuja alipokufa Mama Mkubwa, akalia kuliko sisi. Sikukuu alituma unga wa wimbi kutoka kwao, nami nikapeleka mahamri Mowlem. Kwa hiyo siku ile nilipokaa hemani nikimsikiliza Tito, hasira yangu yote ilikuwa juu ya mtu mmoja, na nilikuwa nimekwenda kumlilia mwingine.

Mama Nekesa, mjane wake, alinitumia binamu aniite jikoni. Nilimkuta kati ya masufuria makubwa, amevaa leso ya kichwani iliyolegea, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio. Akawaambia wasichana watoke. Nikamkumbatia, akakaa mikononi mwangu kama mzigo, kisha akajitoa.

"Mama Fundi," akasema, kama alivyozoea kuniita, "umemsikia huyo hapo nje?"

"Nimemsikia. Si neno. Nimemzoea."

"Si Tito aliyekaza."

Sikumwelewa mara moja. Akashika ukingo wa meza.

"Tito alimwambia akaze. Wewe ulikuwa umeenda kuswali. Mzee wangu akamwambia, dada amekataza. Tito akasema, dada ako wapi? Kaza. Mzee akachukua spana akakaza." Alisema haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. "Alinieleza tukioana. Alikuwa anaieleza hapa, tukila. Watoto wote wanaijua. Kila ukiondoka hapa na kikapu chako, hakuwa anakula. Nilimwambia, Baba Nekesa, enda umwambie. Akasema kesho. Hata hospitalini akasema, nikienda umwambie wewe. Mimi nikamwambia sitaki, kazi yako nimalizie mimi? Na sasa ona, nimeimalizia."

Watoto wote wanaijua. Nililisikia hilo zaidi ya lile la spana. Spana ningeweza kuielewa, kijana ameamrishwa na mwenye gari, watu wanapiga kelele, gari jeupe liko kwenye mstari. Lakini ukweli wangu ulikuwa ukiliwa na ugali katika nyumba ile miaka yote, watoto wakikua nao, huku mimi nikiketi kwenye kiti chao nikiulizwa habari za cherehani. Yeye aliyeniita dada! Tito aliniibia akiwa adui, hata kama sikujua kumwita hivyo. Huyu aliniibia huku akila mahamri yangu.

"Unataka nifanye nini, Mama Nekesa?"

"Sijui. Mimi nimechoka tu."

Nilitoka. Mwenyekiti wa matanga alikuwa amechukua maikrofoni, akiuliza kama yupo rafiki wa zamani wa marehemu mwenye neno. Nikainua mkono. Tito aliponitambua uso wake ulichanua, akaanza kupiga makofi, akawaambia walio karibu, "Ndiye huyu! Ndiye huyu!" Nilishika maikrofoni. Nilisema jina langu. Nilisema mimi ndiye niliyeitengeneza kabureta ya lile gari, na kwamba gari lilishinda asubuhi ile kwa kazi yangu. Nilisema nati ilikuwa na alama, na wote wawili walionyeshwa. Nilisema Tito aliamuru na Wafula akakaza, nikiwa naswali, na wote wawili wakaniacha nibebe. Sikusema zaidi.

Kijana mkubwa wa Wafula akasimama, mishipa ya shingo imetoka. Lakini Tito alimtangulia, mikono imenyooshwa mbele, yale makovu juu.

"Hamisa, jamani. Marehemu hasemwi vibaya."

"Na mimi niliye hai," nikamwuliza, "nilisemwaje?"

"Si ungengoja tuzike kwanza?"

"Nilingoja akiwa hai, Tito. Unataka nikungoje na wewe?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono kuichukua maikrofoni. Ndipo Mama Nekesa alipotokea kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni, "Ni kweli. Alikaza yeye. Keti chini, Baraka." Kijana wake akaketi. Tito akatazama huku na huku akimtafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata, akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akatoka getini bila kuaga mtu. Kwaya ikaanza kuimba, mapema kuliko ilivyopangwa.

Mazishini sikwenda. Walisafirisha mwili kwao magharibi, na mtu alinipigia simu kuuliza kama niwekewe nafasi kwenye basi, nikasema hapana, asante. Wapo wanaosema Majengo kwamba nilimwaibisha mjane, na wapo wanaosema nilichelewa. Nilikuwa nimemlilia Wafula tangu habari za kifo chake ziliponifikia, nikilia kama aliyefiwa na ndugu wa tumbo moja. Tangu alasiri ile sijamlilia tena.